Chupa ya shemeji

SWALI: Babu, shikamoo. Shemeji kaja na chupa ya Château Lynch-Bages ya 1990 kutoka Ufaransa. Mume wangu anataka tuinywe Jumamosi na Sprite. Ni sawa?
Mama wawili, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo Sprite wape watoto! Huo ni mvinyo wa Pauillac, Bordeaux, shamba lililopangwa daraja la tano kwenye orodha ya mashamba bora ya mvinyo ya Bordeaux ya mwaka 1855, na 1990 ni mwaka unaosifiwa mno huko.

Ijumaa isimamishe chupa, mashapo yatue chini. Jumamosi iweke kwenye friji nusu saa tu, maana joto la Tabora litakupa ladha ya pombe kali. Kizibo kikuukuu hukatika, kivute taratibu. Mimina polepole kwenye jagi huku ukimulika shingo ya chupa kwa tochi ya simu. Ukiona weusi unakuja, acha. Usiuache jagini hadi usiku, mvinyo mzee huchoka upesi.

Jaza theluthi ya glasi. Ukingoni utaona rangi ya tofali la kuchoma. Haujaharibika, ni umri. Kisha nusa. Nilipokuwa mhudumu wa hoteli, wageni walitaja mwerezi na ngozi, mimi nikanusa bani la kukaushia tumbaku la mjomba wangu Urambo, majani yakishakauka. Wewe harufu hiyo utaijua upesi kuliko Mfaransa. Ulimini ukakasi umeshalainika, kama chai iliyotiwa maziwa.

Mbuzi choma inafaa. Pilipili na ndimu, kaeni navyo mbali.