Maasi ya Wanubi 1897 mezani: hesabu risasi kwanza

Umeuliza kama maasi ya 1897 ya askari wa Kisudani (Wanubi) waliowatumikia Waingereza Uganda yanachezeka mezani, kwa sanamu ndogo na dadu, kwa kanuni ulizonazo za vita vya Wazulu. Yanachezeka, ila kanuni hizo ziache kabatini. Zimetungwa kwa bunduki upande huu na mikuki upande ule. Kwenye ngome ya Luba, Busoga, kila upande ulikuwa na bunduki, na waliojua kazi zaidi ni waasi: askari wakongwe wa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwachukua 1891.

Anzia kwenye kilima cha jirani na ngome, tarehe 19 Oktoba. Macdonald, kamanda wa Waingereza, ana Wazungu na Masingasinga wa kuhesabika, na Waswahili mia tatu na ushei, wengi wao wapagazi waliopewa bunduki. Utamu uko hapo. Mimi kila kikosi nakipa kisahani cha maharage. Ukifyatua, punje moja inatoka. Kikosi cha wapagazi kinarusha dadu kila zamu: ikitoka moja au mbili kinafyatua hata kama hujakiamuru. Visahani vikikaribia kuwa vitupu, Macdonald aamue, avamie au ashuke kilima. Siku ile waliishiwa karibu kabisa, wakavamia, waasi wakarudi ngomeni. Usiku wakawaua mateka wao Waingereza, Thruston, Wilson na Scott. Kuanzia hapo ondoa kadi zote za mapatano.

Mzingiro wa ngome uliofuata usiucheze siku kwa siku, watu watasinzia. Cheza migomba tu. Waganda wa Apolo Kagwa, waziri mkuu wa Buganda aliyekuwa upande wa Waingereza, walikuwa wakiifyeka ili ngome ife njaa, na mmisionari Pilkington aliuawa Desemba katika kazi hiyohiyo. Kwa hiyo shamba moja lina faida mbili, kificho na chakula. Likifyekwa, ngome inapoteza dadu moja, na mfyekaji naye anabaki peupe. (Migomba natengeneza kwa vijiti vya meno na karatasi ya kijani. Inatosha.)

Sasa ushindi. Waasi wasipewe pointi kwa kuua, wapewe kwa kutoroka, maana Januari 1898 ndivyo walivyofanya, wakavuka ghuba ya Ziwa Victoria. Na usithubutu kuacha familia nje ya meza. Watu hawa waliasi kwa mshahara mdogo unaochelewa na safari zisizokwisha zilizowatenga na wake zao. Jamaa yangu mmoja wa Bombo, Uganda, Mnubi, mezani alijaza wanawake na watoto mashua ya kwanza, akashikilia ukuta na watu wachache, akanishinda vibaya.

Sanamu: ukiagiza ng'ambo, tafuta Wasudani wa jeshi la Misri wenye tarbushi, wanafaa kwa Wanubi. Nauli na ushuru vitakuuma. Waganda wa kanzu mimi nawachora kwenye kadibodi, naona wanapendeza kuliko wa kununua. Ukitaka karatasi yangu ya kanuni, sema niipige picha.