Mwanangu, moyo kugeuka si unafiki

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykum salaam. Umeniuliza mbona ukiwa darsani moyo unalainika hata machozi yanakutoka, ukirudi kwenye kazi na watoto unakauka. Unaogopa kwamba huo ni unafiki.

Hofu hiyo ilimshika Hanzala, sahaba na mwandishi wa Mtume (S.A.W.). Alitoka akisema, "Hanzala amekuwa mnafiki." Abu Bakr akamwambia hata yeye yanamkuta, wakaenda pamoja kwa Mtume. Wakajibiwa kwamba lau wangedumu katika hali wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani na njiani mwao. Lakini kuna saa hii na saa ile. Imo katika Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume. Basi usiipime imani yako kwa unavyojisikia. Tazama unafanya nini hali ikiwa hivyo.

Shika machache yasiyoyumba: swala tano kwa wakati wake, na kabla ya kulala Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, kama Mtume alivyomfundisha binti yake Fatima alipoelemewa na kazi za nyumbani. Wengi huharibu hapa. Siku moyo umepanda hujitwika kusoma juzuu zima la Qur'ani kila usiku, wiki haijaisha wameacha vyote, na majuto yakazidisha huzuni. Amali apendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ya kudumu, hata ikiwa ndogo.

Hasira ikija, nyamaza kwanza. Sema A'udhu billahi minash-shaytanir-rajim. Kama umesimama, kaa. Ukikaa isipoondoka, jilaze. Aliyesimama mkono wake u karibu kupiga, aliyelala hana haraka hiyo. Kisha katawadhe, na ujumbe wa simu usiujibu mpaka maji ya udhu yamekauka mikononi.

Huzuni usiifukuze. Nabii Yakub alihuzunika hata macho yakawa meupe, na bado akasema anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake. Nawe baada ya swala baki juu ya mswala, useme kwa Kiswahili chako, ukilitaja jambo lenyewe: deni, ugomvi na mumeo, upweke. Dua za jumla jumla ni nzuri, ila mtu huweza kuzisoma mwaka mzima asijue kinachomuumiza.

Usiku jihesabu kwa dakika tano tu. Leo moyo uligeuka saa ngapi? Nilikuwa nimelala vya kutosha, nimekula? Kuna niliyemkosea? Penye kosa omba msamaha kesho yake; penye njaa na uchovu usijiite mwovu.

Na zikipita wiki mbili usingizi huna, chakula hakipiti, kila kitu kimekosa ladha, nenda hospitali ukamwone daktari huku swala zikiendelea. Mtume ametuamrisha kujitibu. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje hata siku moja: nipigie saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane, twende pamoja.

Mama yako