Grafu ya absoluti valyu: tafuta kona kwanza, jedwali baadaye

Juzi dogo mmoja wa sekondari kanitumia picha ya daftari lake WhatsApp, kachora y = 2|x − 3| − 4 kapata mstari umenyooka kabisa, anauliza "kaka mbona kwenye majibu ni V na hesabu zangu zote ziko sawa?" Na kweli zilikuwa sawa. Jedwali lake la x na y limeanza x = −3 likaishia x = 3 kama wengi wanavyozoeshwa, sasa kona ya grafu hiyo, ile ncha ya V, iko x = 3, kwahiyo kachora mkono wa kushoto tu, wa kulia hajaugusa kabisa.

Iliniuma maana hii kitu naijua. Nikiwa shule tulipewa swali la hivi hivi, mimi nikaangalia ndani ya ile mistari miwili iliyosimama nikajiuliza x ngapi inafanya pale ndani pawe sifuri, nikapata kona, nikachora V yangu safi. Nikapigwa kosa kwa kalamu nyekundu eti jedwali liko wapi, darasa zima likanakili mstari ulionyooka toka ubaoni. Nikamfuata mwalimu ofisini, akasema najifanya najua. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuniambia nilikuwa sahihi. Na nilikuwa sahihi jamani.

Sasa wadogo zangu, absoluti valyu, ndo ile mistari miwili iliyosimama, ni umbali wa namba kutoka sifuri, na umbali hauwi hasi. Kwahiyo |x − 3| ikishuka sana inafika 0, hapo x ni 3 na y inabaki −4. Ndo kona hiyo, (3, −4). Ile 2 ya mbele ndo mteremko, ukisogea hatua moja kulia au kushoto unapanda mbili: (4, −2) na (2, −2), halafu (5, 0) na (1, 0). Weka rula. Namba ya mbele ikiwa hasi V inaangalia chini. Jedwali chora tu, ila kona ikae katikati yake.

Na msikubali kukaririshwa, mtu akikwambia anza −3 muulize kwanini −3, akifoka muulize tena kwa heshima, hesabu ina sababu zake na ni haki yako kuzijua.

Halafu y = |2x + 6| inawaponza wengi sana, wanaweka kona −6. Hapana, 2x + 6 inakuwa sifuri x ikiwa −3, kona ni (−3, 0) na mikono inapanda mbili mbili.