Skrubu za magnesi katika upasuaji wa kidole gumba cha mguu

Dada, umeuliza kama mama yako, anayetarajia kunyooshwa kidole gumba cha mguu huko Kampala, akubali skrubu za magnesi (magnesium, aina ya metali) zinazoyeyuka mwilini badala ya zile za titani (titanium), metali isiyoyeyuka. Faida kubwa ya skrubu za magnesi ni kwamba mfupa uliokatwa na kupangwa upya hushikiliwa hadi uunge, kisha chuma chenyewe huliwa polepole na majimaji ya mwili, kwa hiyo hapahitajiki upasuaji wa pili wa kukitoa. Hata hivyo, skrubu ya titani isiyosumbua kwa kawaida huachwa humo humo, hivyo faida hiyo isikuzwe kupita kiasi.

Jaribio dogo la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2013, lenye wagonjwa 26 waliofuatiliwa kwa miezi 6, lilionyesha matokeo yanayolingana kwa aina zote mbili. Ni ushahidi wa kutia moyo, lakini wagonjwa 26 ni wachache.

Jambo la kuzingatia zaidi ni hili: magnesi ikiyeyuka hutoa gesi ya haidrojeni, na katika picha ya eksirei huonekana kivuli cheusi kuizunguka skrubu, ambacho daktari asiyejua historia ya mgonjwa, tuseme wa kituo cha afya cha kijijini kwenu, anaweza kukidhania kuwa maambukizi au skrubu iliyolegea. Mama apewe maandishi yanayotaja aina ya skrubu aliyowekewa, na ayabebe kila aendapo kupigwa picha.