Kabla ya Kununua Injini, Ingia Chini ya Gari Uangalie Tangi

Nilipoamua kuitoa injini ya 2E, ya kabureta, kwenye Corolla yangu ya EE90 na kufunga 4A-FE, ya nozo (vinyunyizio vya petroli), nilifanya kama wengi wetu hapa Nakuru: nilikimbilia injini. Nikapata moja iliyotoka Japani, nikalipa, nikaipakia kwenye pikapu hadi gereji. Habari ya mafuta niliimaliza kwa neno moja tu, "tutaweka pampu ya umeme." Neno hilo lilinila pesa na miezi miwili, na sitaki likule wewe.

Injini ya kabureta haina tamaa. Pampu yake ndogo, inayosukumwa na injini yenyewe, huvuta petroli kutoka nyuma na kuijaza kabureta kwa presha ya psi 3 hadi 6 hivi. Nozo za 4A-FE zinataka psi 38 hadi 44, na petroli ambayo haikutumika lazima irudi kwenye tangi. Kwa hiyo panga safari nzima ya petroli, kwenda na kurudi, kabla hujatoa hata shilingi ya injini.

Fundi wa kwanza aliifunga pampu yangu mbele, karibu na betri, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Mjini gari lilienda vizuri. Siku niliyofunga safari ya Kericho, tangi likiwa robo, lilianza kukohoa kila kona ya mlima. Nilisimama karibu na Londiani, boneti juu, nikidhani injini imekufa. Injini ilikuwa nzima kabisa. Pampu za namna ile zina nguvu ya kusukuma lakini kuvuta haziwezi, kwa hiyo mahali pake ni nyuma, chini, jirani na tangi. Tena tangi la kabureta mara nyingi halina kuta ndani za kuzuia petroli isikimbilie upande mmoja. Ukikata kona, mdomo wa paipu unabaki hewani. Kabureta ina akiba kidogo kwenye bakuli lake, itavumilia. Nozo zikipata hewa, gari linakatika papo hapo.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee wa mtaa wa Shabab. Alizunguka gari mara moja akaniambia, "Kijana wangu, Corolla ya umbo hili ilitoka pia na 4A-FE kiwandani. Katafute tangi la hiyo." Nikamwambia, "Mzee, mbona hakuna aliyenieleza?" Akacheka. Nililipata kwa wauza vipuri vya magari yaliyobomolewa, pampu ikiwa ndani, ikipozwa na petroli yenyewe, na paipu ya kurudishia ikiwa tayari. Likaingia mahali pa lile la zamani. Kama gari lako lina ndugu yake wa nozo, anza hapo.

Ukikosa, weka tangi dogo la kati la lita moja au mbili. Pampu ya presha ndogo inalijaza, pampu kubwa inavuta kutoka chini yake, na linalofurika linarudi kwenye tangi kuu. Lisikae ndani pamoja na abiria. Na tafadhali, asikudanganye mtu kwamba tangi lililomwagwa petroli yote nje linaweza kuchomelewa hivyo hivyo. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Usinunue pampu ya kutisha. Injini ya petroli isiyo na turbo inakunywa takriban lita 0.3 kwa kila nguvu-farasi moja kwa saa ikikanyagwa hadi mwisho. Injini ya nguvu-farasi 100 basi inataka lita 30 hivi, na pampu ya kiwandani inazimudu. Pampu ya lita 255 kwa saa ikirudisha mafuta kwenye paipu nyembamba, presha inapanda, gari linatoa moshi mweusi na kumaliza tangi upesi.

Raba ya kupitishia petroli ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu nimeona watu wakifunga yoyote ile. Soma maandishi ubavuni. Yenye alama ya SAE 30R7 inahimili hadi psi 50, kwa hiyo psi 44 imekaribia ukingo. Tafuta 30R9. Kipande kinacholowa ndani ya tangi kiwe 30R10, la sivyo kitalainika na kupasuka. Paipu zote zipite mbali na ekzosi, hasa kama utashuka na gari hadi joto la Kisumu.

Waya wa pampu usiunganishwe moja kwa moja na swichi ya ufunguo. Uwe na fyuzi na rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme), na kompyuta ya injini iikate pampu injini ikizimika. Ukipata ajali na paipu ikakatika, pampu isiyojua kusimama itaendelea kumwaga petroli juu ya chuma cha moto.

Siku ya kuwasha, funga geji ya presha kwanza. Chomoa mpira mwembamba wa vakyumu kwenye regyuleta ya presha ya petroli, injini ikiwaka bila kukanyagwa: usome psi 38 hadi 44. Urudishe, ishuke hadi 30 na kitu. Zima, subiri dakika tano. Ikibaki 21 au zaidi, hakuna panapovuja kwa ndani. Kisha chukua tochi, upite kila klipu kwa kidole kikavu, kizimamoto cha unga kikiwa karibu na mkono.