Mdomo wa barakoa ya daktari wa tauni unaning'inia? Anza kwa kuufupisha

Mkuu, umesema mdomo wa barakoa yako ya daktari wa tauni (wale matabibu wa Ulaya ya zamani waliovaa barakoa yenye mdomo wa ndege) ni wa boksi, sentimita 30, umeuvisha ngozi ya bandia na sasa barakoa nzima inateleza hadi kidevuni. Yalinikuta hayohayo miaka mitatu iliyopita, nilipopewa kazi ya mavazi ya igizo. Muigizaji wetu alimaliza onyesho la kwanza ameshikilia mdomo kwa mkono, kama mtu anayeumwa jino. Watu wakacheka, na halikuwa igizo la kuchekesha.

Usihangaike kuongeza lastiki, kata urefu. Maelezo ya zamani ya vazi hili, yanayohusishwa na Charles de Lorme, tabibu wa mfalme Louis XIII wa Ufaransa, mwaka 1619, yanataja pua ya nusu futi tu, kama sentimita 16 hivi, yenye tundu moja kila upande karibu na pua ya mvaaji. Midomo mirefu kama ya korongo tumeizoea kwenye michoro, hasa ule wa mchapishaji wa Kijerumani Paul Fürst wa 1656 unaomwonyesha daktari wa Roma, na ule ni mchoro wa kejeli. (Kama sherehe yenu ni ya Zama za Kati, jiandae kubishiwa: tauni kubwa ya Ulaya ya 1347 hadi 1351 ilipita zamani sana kabla ya vazi hili.) Mimi nilishuka hadi sentimita 18 na bado ilitisha.

Boksi liache kabisa. Tumia sponji ngumu ya mikeka ya kuchezea watoto, ile inayounganishwa kama fumbo. Ni nyepesi, na ukiipasha moto kwa draya ya nywele inakunjika unavyotaka.

Kipimo ndiyo kazi yenyewe. Zungushia kichwa nailoni ya kufungia vyakula, ukiacha pua na mdomo wazi, kisha ubandike juu yake ile solotepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi wa magari. Mtu akuchoree macho yalipo na mstari wa katikati ya uso. Vua, kata kwa kufuata mistari, hamishia kwenye karatasi ya manila, hicho ndicho kielelezo chako cha kukatia. Mdomo uwe wa vipande vitatu: mbavu mbili na utepe mwembamba wa tumboni. Ukingo wa juu wa ubavu upinde zaidi kuliko wa chini, ndiyo mdomo unainama kama wa ndege. Halafu usirudie kosa langu: nilikata mbavu zote mbili bila kugeuza kielelezo, nikapata mbavu mbili za kulia. Ngozi ya bandia ina uso mmoja tu, kwa hiyo nusu mita nzima ikaenda na maji.

Uzito upeleke kisogoni. Mkanda mmoja upite juu ya masikio, mwingine utoke katikati ya paji la uso, upande utosini na kukutana na wa kwanza nyuma, kwenye bizimu. Huo wa utosini ndio unaobeba mdomo. Kwangu ulikosekana, na ndiyo maana jamaa alishika jino.

Macho nilikata kwenye plastiki angavu, duara la sentimita 5. Yalishika ukungu ndani ya dakika mbili. Paka sabuni ya vyombo kidogo sana upande wa ndani, futa kwa kitambaa kikavu, kisha toboa matundu kwenye utepe wa tumboni ili pumzi ishukie huko. Miguu hutaiona hata hivyo, kwa hiyo ngazi ushikwe mkono.

Gundi ya fundi viatu ianikwe nje siku mbili kabla hujavaa. Mimi nilivaa jioni ileile, kichwa kikaniuma hadi asubuhi. Wale madaktari walijaza humo mimea yenye harufu, wakiamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Nami nikatia konzi ya karafuu (zao zilitoka Maluku, visiwa vya Indonesia ya leo; za Zanzibar zilipandwa karne mbili baadaye), nikapiga chafya mfululizo. Karafuu tano kwenye kitambaa zinatosha.

Ukimaliza kielelezo cha manila, kijaribu kichwani, piga picha ya ubavuni uiweke hapa kabla hujagusa ngozi.