Kutoka Mombo Hadi Mtae kwa Baiskeli: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mwandishi, pokea salamu zetu kutoka Morogoro. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mume wangu ni muuguzi. Sote tumepita miaka arobaini, na kila Jumamosi tunaendesha baiskeli kilomita 40 au 50 kwenye barabara za tambarare. Likizo ya Desemba tunataka kupanda Usambara kutoka Mombo hadi Mtae. Kwa kuwa ramani inaonyesha kilomita zisizofika 100, tumepanga siku mbili. Je, zinatosha? Na kwa watu wanaopenda historia kama sisi, tusimame vijiji gani? — Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, siku mbili hazitoshi, na ninawasihi mpange nne. Hesabu ya kilomita mnayoitumia mkienda Mikese na kurudi itawadanganya milimani, kwa sababu huko kinachochosha ni mwinuko. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Lushoto iko karibu mita 1,400. Kwa hiyo ndani ya kilomita zipatazo 33 za lami mtapanda karibu mita 1,000, na sehemu kubwa ya mwinuko huo imebanwa kati ya Mombo na Soni, ambako barabara inajikunja ukingoni mwa korongo huku maji yakinguruma chini. Ondokeni Mombo saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la nyikani halijakolea, mpande kwa gia nyepesi kabisa mliyo nayo, na mkifika Soni tafuteni pa kulala hapo hapo, hata kama bado ni saa tano na mnajiona mna nguvu za kuendelea. Nguvu hizo mtazihitaji mchana, kwa sababu mchana mtakwenda Vuga.

Nimeona waendesha baiskeli wengi wakipita Soni, wakapiga picha maporomoko ya maji na kukimbilia Lushoto bila kujua kwamba wameuacha nyuma mji mkuu wa dola. Vuga haiko mbali na Soni, na wenyeji watawaonyesha njia. Hapo ndipo walipokaa wafalme wa Kilindi waliowatawala Wasambaa, na masimulizi ya ukoo huo yanaanza na Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Unguu, ambaye inasemekana alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wakamkataa kwa kuogopa mkosi. Alipopanda milima hii aliwagawia watu nyama, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba yao, akaamua ugomvi wao kwa haki, na mwishowe watu wa Vuga wakamfanya mtawala. Njiani kwenda Vuga, wanasimulia, aliua simba, na tangu hapo simba akawa sifa ya wafalme wa ukoo wake. Mzao wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, ndiye aliyeutanua utawala mpaka karibu na pwani, na ndiye aliyempokea mmisionari Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Kimweri alifariki mwaka 1862. Mwanawe Semboja, aliyekuwa amejijenga Mazinde, kule chini nyikani ambako misafara ya biashara ilipita, alikuwa na bunduki ambazo jamaa zake wa mlimani hawakuwa nazo, vita vikazuka, na Vuga ikachomwa moto.

Mazinde hiyo iko kwenye barabara kuu iendayo Moshi, mbele kidogo baada ya Mombo. Ndiyo maana ninasisitiza mpande kwa miguu yenu, msipandishwe na gari: mkiwa mmetoka Mombo wenyewe, mkahema kila kona, mtafika Vuga mkielewa kwa mapaja yenu umbali uliokuwapo kati ya mfalme wa mlimani na mwanawe aliyeshika njia ya biashara. Hilo silo jambo ambalo mtu analipata akiwa amelala kwenye kiti cha basi dogo. Msitarajie majumba ya mawe wala kuta za ngome, maana mji wa kale ulijengwa kwa miti na majani. Kinachobaki ni mahali penyewe, watu wa ukoo, na makaburi, ambayo hamtayakaribia kabla ya kupita kwa viongozi wa kijiji na kuomba ruhusa.

Siku ya pili ni fupi, Soni hadi Lushoto, na ninaiacha fupi makusudi ili miguu ipumue. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, wakaufanya kituo chao cha utawala kwa ajili ya baridi yake, na reli yao kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, safari ya kupanda huku ikawa nyepesi zaidi kwao. Jioni endesheni hadi Irente, kilomita chache tu kutoka mjini, mkasimame kwenye mwamba unaotazama Mombo chini kabisa. Mtaiona barabara kuu kama uzi.

Siku ya tatu mnapanda tena, sasa kupitia Magamba, penye msitu wa hifadhi na ubaridi unaopenya koti, kisha mnaingia nchi ya vilima na mabonde ya mboga hadi Rangwi, ambako masista wa Kikatoliki wamezoea kupokea wageni. Ulizeni nafasi mapema. Hapa vilima havina mwisho: unateremka dakika tano, unapanda nusu saa, unakuta kabichi, karoti na viazi vimepandwa mpaka kwenye miteremko ambayo mtu wa tambarare angeogopa kusimama. Mkiwa na siku ya tano, ingizeni Mlalo, iliyo bondeni, ambako Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianzisha kituo mwaka 1891, na ambako katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko, kazi ya sulubu iliyozaa upinzani mkubwa. Mkiwa hamna siku ya tano, msiigandamize ndani ya siku ya nne.

Kwa maana siku ya nne ni ya Mtae, na Mtae inastahili kufikiwa mapema. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na pande zote mbili ardhi inaporomoka. Nilipofika mara ya kwanza nilidhani mahali hapa palichaguliwa kwa ajili ya vita tu. Mzee mmoja aliyenikaribisha barazani kwake, akanipa kikombe cha chai ya rangi, alinisahihisha bila maneno mengi. Alinyoosha fimbo kwenye migomba iliyokuwa nyuma ya nyumba, majani yake yakidondosha ukungu wa asubuhi, kisha akaigeuza fimbo ile ile kuelekea chini, nyikani, kwenye kipande cha ardhi cha rangi ya mchanga ambacho kwa macho yangu kilikuwa kama kiganja, akasema lile ni shamba lake la mahindi. Wasambaa wa zamani walipenda kuweka vijiji vikubwa karibu na ukingo wa mlima kwa sababu hiyo hasa: Shambaai, yaani mlimani, kuna mvua na migomba, na nyikani kuna nafaka na malisho, hivyo ukame ukipiga upande mmoja, mwingine unaweza kuokoa. Kuanzia hapo kila kijiji nilichokipita niliangalia kwanza kiko wapi juu ya mlima, na ninawaomba nanyi mfanye hivyo tangu Soni.

Kuhusu Desemba, nina shaka nayo. Mvua za vuli mara nyingi hufika mpaka mwezi huo, na udongo mwekundu wa huko ukilowa hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Likizo ya Juni, hasa mwishoni mwa mwezi, masika yakiwa yamekwisha, ni bora zaidi, ingawa itawabidi mbebe masweta mazito na kuvumilia ukungu wa asubuhi. Mkishindwa kuahirisha, nendeni hiyo Desemba, ongezeni siku moja ya akiba, na mjifariji kwa plamu zinazouzwa kwa ndoo kandokando ya barabara.

SWALI: Nina baiskeli ya milimani ya mtumba yenye breki za mpira zinazobana rimu. Rafiki zangu wananiambia kuteremka Lushoto hadi Mombo kwa breki hizo ni kujitafutia kifo. Je, ni lazima ninunue baiskeli ya breki za diski? — Kijana wa Moshi

JIBU: Si lazima, kijana wangu, lakini rafiki zako hawajakosea kuogopa. Breki za mpira zikibanwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupasha rimu joto, joto hilo hupanda kwenye tyubu, upepo uliomo hutanuka, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Mimi limenipata hilo, juu kidogo ya Soni. Nilikuwa nimebana breki ya nyuma tangu nilipoanza kuteremka, nikijiona mwangalifu, na tairi ilipopasuka niliburuzwa hadi kwenye mtaro. Nilipogusa rimu, ngozi ya kidole ilibabuka.

Tangu siku hiyo ninafanya hivi, nami ninakuomba ufanye vivyo hivyo. Kabla ya kona ninabana breki zote mbili kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo ukishapungua ninaziachia rimu zipoe, na kila baada ya kilomita mbili tatu ninasimama kabisa, ninashuka, ninasogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa ili kusikia joto lake. Kabla ya safari mpelekee fundi abadilishe mipira ya breki na nyaya zake zote, hata zile zinazoonekana bado nzima, na mwambie aikague rimu yenyewe, maana rimu ya mtumba mara nyingi imelika upande ule ambao mpira unasugua. Ukipitisha kidole na kuhisi bonde, rimu hiyo usiteremke nayo Mombo. Kumbuka pia kwamba barabara ile ni nyembamba na ina mabasi, kwa hiyo kaa upande wako hata kama kona inakuvutia kuikata.

SWALI: Tukifika Mtae tungependa kuteremka nyikani na kukatisha Mkomazi kwa baiskeli ili turudi nyumbani upande wa Kenya. Inawezekana? — Msomaji, Taveta

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mkomazi ni hifadhi ya taifa, imepakana na Tsavo Magharibi, ina tembo, simba na faru, na hairuhusiwi kuikatisha kwa baiskeli kama njia ya mkato, wala mpaka wa nchi hauvukwi popote unapopenda. Kutoka Mtae rudini Lushoto kwa basi, ambalo huondoka alfajiri sana, mkiwa mmekubaliana na kondakta nauli ya baiskeli tangu jioni iliyotangulia. Ng'oeni gurudumu la mbele na pedeli, geuzeni usukani ulale sambamba na fremu, na gia ya nyuma muifunge kwa kipande cha boksi, kwa sababu magunia ya viazi yatawekwa juu yake. Mkifika Mombo mtapata usafiri wa kwenda Moshi, na kutoka huko Taveta mnaijua njia.